Lori la Chai Liko Wapi? Must, Should na May kwa Anayeandika Kiingereza

Tuchukue kituo cha kununulia majani ya chai kilicho juu ya Githongo, kwenye miteremko ya Mlima Kenya upande wa Meru. Karani ameshapima kikapu cha mwisho, magunia yamepakiwa, na saa kumi jioni lori limeondoka kuelekea kiwandani. Safari, tuseme, ni ya saa moja. Sasa ni saa kumi na mbili na mtu anauliza lori liko wapi. Anayejibu kwa Kiingereza ana majibu matatu yaliyo karibu sana: "The lorry must be at the factory", "The lorry should be at the factory", "The lorry may be at the factory".

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha tatu tofauti yake. Atakuambia must ina nguvu, may ni dhaifu, na should iko katikati. Hajakosea, lakini jibu hilo halimfikishi mbali. Katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya mtihani wa KCSE kuna kifungu chenye mapengo kumi ya kujaza, alama moja kila pengo, na pengo linaloomba kitenzi kisaidizi haliulizi nguvu peke yake. Linauliza pia nguvu hiyo inatoka wapi. Shuleni tunakaririshwa orodha: may ni ruhusa, must ni amri, can ni uwezo. Kisha tunakutana na pakiti ya dawa ya mafua iliyoandikwa "may cause drowsiness", na orodha inatuacha hapo hapo, kwa sababu hakuna aliyeiruhusu dawa imlaze mtu.

Tuanze chini kabisa. Sentensi "The lorry is at the factory" inadai jambo moja kuhusu ulimwengu. Nenda kiwandani, angalia, ni kweli au si kweli. Anayesema must, should au may hafanyi kazi hiyo. Yeye hajaliona lori. Anachofanya ni kutandaza mbele yake hadithi zote ambazo, kwa yale anayoyajua, zingeweza kuwa za kweli. Lori limefika salama. Lori limekwama kwenye tope. Lori limepitia kituo kingine kuongeza mzigo. Tairi limetoboka. Hizo ni hadithi nne, na jioni hiyo moja tu kati yake ndiyo iliyotukia, ila yeye hajui ni ipi.

Akisema may, anadai kwamba katika hadithi moja angalau lori liko kiwandani. Basi. Ndiyo maana may haibishaniki kirahisi: ili uikanushe inakubidi ufute kila hadithi ambamo lori limefika. Akisema must, anadai kwamba katika hadithi zote zilizobaki lori liko kiwandani. Ili afike hapo ni lazima awe amefuta zile tatu nyingine: barabara imekauka, vituo vingine vimefungwa, na dereva amepiga simu akiwa amebakisha kona ya mwisho. Kuna uhusiano mzuri wa kimantiki kati ya hizi mbili. Kusema jambo ni lazima liwe ni sawa na kusema haiwezekani lisiwe. Mfini Georg Henrik von Wright alilijengea jambo hili mantiki rasmi mwaka 1951, akionyesha kwamba wajibu na ruhusa hushikana kwa namna ile ile: kilicho wajibu ni kile ambacho huna ruhusa ya kukiacha.

Should haifuti hadithi yoyote. Inazipanga. Juu inaweka zile za kawaida, siku ambayo mambo yalikwenda yanavyokwenda, na chini inaweka zile za balaa. Kisha inasema: katika zile za juu, lori limefika. Kuna jaribio rahisi la kuthibitisha hili, nami nalipenda kuliko maelezo yote ya vitabuni. Ongeza mwishoni maneno "but it isn't". Sentensi "The lorry should be at the factory, but it isn't" haina kasoro; ndivyo anavyolalamika msimamizi anayesubiri majani yaanze kunyaushwa. Lakini "The lorry must be at the factory, but it isn't" inajivunja yenyewe, kwa kuwa umefuta hadithi zote za lori kutofika kisha ukairudisha moja kwa mkono wa kushoto. May nayo inakataa, kwa sababu ukishajua kwamba lori halipo, hadithi ambamo lipo haimo tena mezani.

Wahandisi wa intaneti waliligundua hili kwa njia yao. Mwezi Machi mwaka 1997 Scott Bradner wa Chuo Kikuu cha Harvard aliandika waraka mfupi uitwao RFC 2119, unaofafanua maana ya MUST, SHOULD na MAY katika kanuni ambazo kompyuta hufuata zinapowasiliana. MUST haina msamaha. MAY ni hiari kabisa. SHOULD ni kwamba huenda ikawepo sababu halali ya kutofuata kanuni katika hali fulani, lakini uyaelewe na uyapime kwanza matokeo yake kabla ya kuiacha kanuni hiyo. Ni ule ule mpangilio wa hadithi za juu na za chini, ila sasa unatumika kwa wajibu badala ya kubahatisha lori lilipo.

Hapo tumeingia swali la pili, na kwa maoni yangu ndilo kubwa. Hadithi zinazotandazwa zinachaguliwa kwa kigezo gani? Angelika Kratzer, mwanaisimu wa Kijerumani, aliandika makala mwaka 1977 akionyesha kwamba must si maneno mengi yanayofanana sauti. Ni neno moja linalosubiri kuambiwa: kwa kuzingatia nini? Kwa kuzingatia sheria, linakuwa wajibu. Kwa kuzingatia ushahidi, linakuwa hitimisho. Kwa kuzingatia maumbile ya kitu au mtu, linakuwa jambo lisiloepukika, kama chafya.

Simama darajani katika mji wa Meru asubuhi ambayo hapo mjini hakukunyesha, ukaona mto Kathita umejaa maji mekundu ya udongo. "It must have rained up the mountain." Hakuna aliyeiamrisha mvua. Kigezo ni ushahidi: mto unatoka Mlima Kenya, tope halishuki lenyewe, basi kila hadithi inayokubaliana na maji hayo ina mvua ndani yake. Sasa rudi kwenye kituo cha chai na usome ubao wa kubuni: "Farmers must deliver two leaves and a bud." Kigezo ni kanuni za ununuzi. Hadithi zinazotandazwa hapa ni zile ambamo kanuni zinatiiwa, na katika zote mkulima analeta majani mawili na chipukizi. Kwamba kuna mkulima aliyeleta majani matatu magumu jana hakuifanyi sentensi kuwa ya uongo. Ushahidi hauvumilii hadithi inayopingana nao, lakini kanuni inavunjwa kila siku na inabaki kanuni.

Pakiti ya dawa ya mafua inaeleweka sasa. "May cause drowsiness": kwa kuzingatia jinsi dawa inavyofanya kazi mwilini, kuna hadithi moja angalau ambamo mtu anasinzia. Na "Patients may leave after being seen": kwa kuzingatia taratibu za zahanati, kuna hadithi inayokubalika ambamo mgonjwa anaondoka. May ni ile ile, kigezo ndicho kimebadilika. Anayeandika na kumwachia msomaji akisie kigezo ndiye anayeleta utata, hata kama amechagua kitenzi sahihi. Andika kwenye barua ya kamati ya shule "Parents may attend the meeting", na nusu ya wazazi watasoma kwamba wamealikwa, nusu watasoma kwamba huenda wakaja. Tiba yake haimo katika kubadili may. Andika "are allowed to" au "are likely to" na kigezo kitakuwa wazi.

Kiswahili chetu kina tabia hiyo hiyo, na ajabu ni kwamba hatuioni. "Lazima ulipe ada" ni wajibu. "Lazima atakuwa amefika" ni hitimisho. Tofauti tumeipakia kwenye kitenzi kinachofuata: wajibu unafuatwa na ulipe, hitimisho linafuatwa na atakuwa. Kiingereza nacho kina dalili kama hizo. Must ikifuatwa na "have" na kitenzi kilichotimia, kama katika "must have rained", karibu kila mara ni hitimisho, kwa kuwa huwezi kumwamrisha mtu afanye jambo jana. Ikifuatwa na kitenzi cha tendo la kukusudia, kama "deliver", huwa ni wajibu. Mwanafunzi anayejaza pengo aangalie kulia kwa pengo kabla ya kuangalia kushoto.

Kabla hatujaiacha must, kuna jambo linalowashangaza wengi. Kimantiki ndiyo yenye nguvu kuliko zote, lakini "The lorry must be at the factory" inasikika dhaifu kuliko "The lorry is at the factory". Mwanaisimu Lauri Karttunen aliligusia hili mwaka 1972. Sababu ni kwamba must inakiri kuwa umefika hapo kwa kuhitimisha, hukuona. Aliyesimama getini pa kiwanda akiliona lori hawezi kusema must. Akisema, wenzake watadhani amefumba macho. Kwa hiyo katika ripoti ya kisayansi usiongeze must ili kutia mkazo. Unapunguza.

Sasa jozi ambazo kwa kweli ndizo zinazosumbua: may na might, can na could, will na would. Kila ya pili ilianza kama wakati uliopita wa ile ya kwanza. Should vilevile ilikuwa wakati uliopita wa shall. Hata must ina asili hiyo: ilitokana na umbo la wakati uliopita la kitenzi ambacho leo kimekufa. Wakati uliopita ni umbali, na lugha nyingi huuazima umbali huo kwa kazi nyingine: kuweka jambo mbali na uhakika, au kumweka mwenye kuomba hatua moja nyuma. Sisi tunaifanya kazi hiyo kwa -nge-. "Nataka kuuliza" inagonga mlango. "Ningependa kuuliza" inabisha hodi. "I want to apply" na "I would like to apply" zimetengana kwa kiasi hicho hicho. Na tunaposema "ungepaswa kumwambia", tumechukua wajibu wenye nguvu tukausogeza mbali kidogo, na hiyo ndiyo should. Kai von Fintel na Sabine Iatridou walionyesha mwaka 2008 kwamba lugha nyingi zisizo na ndugu wa karibu hutengeneza should kwa njia hii hii: chukua must, ivike vazi la jambo lisilokuwa. Kiswahili kinaingia kwenye safu hiyo bila kusukumwa.

Kwa hiyo might ni may iliyosogezwa. "It may rain in October" ni taarifa tulivu kwa mtu wa Githongo, ambako mvua za vuli ni za kutegemewa. "It might rain in July" ni ya mtu anayeacha mlango wazi kidogo tu. Sitaki kuzidisha tofauti hii; waandishi wengi wazuri wa Kiingereza huzibadilishana, na mtahini mwenye busara hataondoa alama. Lakini kuna mahali ambapo hazibadilishani kabisa. "The bridge may have collapsed": sijui kama limeanguka. "The bridge might have collapsed": ama sijui, ama najua halikuanguka na nasema lilikuwa karibu. Anayeandika ripoti ya ajali na kutumia might wakati daraja limesimama, aongeze "but it held", la sivyo watu watapiga simu usiku.

Can na could zina mtego wao, na insha za shule zimejaa waliotegwa. "The lorry got stuck, but the driver could pull it out." Mwandishi anataka kusema dereva alifaulu kulitoa. Could ya wakati uliopita haisemi kufaulu, inasema uwezo uliokuwepo: "When he was young he could carry two sacks." Kufaulu mara moja kunataka "was able to" au "managed to". Mantiki yake ni ile ya hadithi: could inatuambia kulikuwa na hadithi ambamo lori linatoka, haituambii kwamba ndiyo iliyotukia. Ikikanushwa tatizo linatoweka. "He could not pull it out" ni sawa kabisa, kwa sababu kama hakuna hata hadithi moja ambamo linatoka, basi halikutoka.

Ukanusho ndipo hasara kubwa inapotokea, na hapa Kiswahili kingetusaidia kama tungekisikiliza. "Si lazima uje" na "lazima usije" hakuna mtoto anayezichanganya. Ya kwanza inakanusha ulazima, ya pili inakanusha kuja, na kikanushi kinakaa pale pale kinapofanya kazi. Kiingereza kinaficha. "You must not come" inaonekana kama inakanusha must, kumbe inakanusha come: ni marufuku. "Si lazima uje" ni "You need not come" au "You do not have to come". Nimeona tangazo la mkutano likiwaambia wazazi "You must not carry lunch", na mwandishi wake alikuwa mkarimu tu, chakula kingetolewa. Waliolisoma walidhani kubeba chakula ni kosa.

May ni mbaya zaidi, kwa sababu inabadilisha upande kulingana na kigezo. Ikiwa ni ruhusa, "You may not enter" inakanusha ruhusa: usiingie. Ikiwa ni uwezekano, "She may not come" inauacha uwezekano ulivyo na kukanusha kuja: huenda asije. Herufi ni zile zile na "not" iko mahali pale pale. Kwenye kanuni za mtihani, mkataba au ilani, nashauri "may not" iachwe kabisa. Andika "must not" kwa marufuku na "might not" kwa shaka.

Imebaki shall. John Wallis, mwanahisabati wa Oxford ambaye mwaka 1655 alitupa alama ya kisicho na mwisho, miaka miwili kabla yake aliandika kwa Kilatini sarufi ya Kiingereza, na humo akaweka kanuni: nafsi ya kwanza ikitumia shall inatabiri na ikitumia will inaahidi, na kwa nafsi nyingine mambo yanageuka. Vizazi vya wanafunzi vimeadhibiwa kwa kanuni hiyo. Leo shall ya utabiri imebaki kidogo Uingereza, na kwetu inaishi hasa mahali pamoja, yaani kwenye sheria.

Katiba ya Kenya iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 imejaa shall. Kifungu cha 81(b) kinaitumia kusema kwamba wajumbe wa jinsia moja katika vyombo vya kuchaguliwa wasizidi theluthi mbili. Swali likafika Mahakama ya Juu: sasa hivi, au polepole? Tarehe 11 Desemba 2012 majaji wengi waliona kwamba shall haiwi amri ya papo hapo kila mahali, inategemea kama jambo lenyewe linaweza kutekelezwa lilivyo bila sheria nyingine, wakalipa Bunge hadi tarehe 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga alipinga. Kwake sharti hilo lilipaswa kuanza na uchaguzi wa Machi 2013.

Tazama sentensi yenyewe kwa macho ya mwanaisimu. Nguvu ya shall haikuwa na shaka, wala kigezo chake, ambacho ni Katiba. Kilichokosekana ni mtendaji. Kifungu kinasema wajumbe wawe hivi. Hakisemi nani awafanye wawe hivyo. Linganisha na kifungu cha 177, ambacho kwa mabunge ya kaunti kinataja viti maalumu vya kuongezwa hadi hesabu itimie, na huko hesabu hutimizwa kila uchaguzi. Linganisha tena na kifungu cha 261, ambapo Bunge likishindwa kutunga sheria zinazotakiwa, shall inawaangukia watu wawili kwa vyeo vyao: Jaji Mkuu amshauri Rais alivunje Bunge, na Rais alivunje. Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alitekeleza shall yake, akamwandikia Rais Uhuru Kenyatta. Mahakama Kuu ikasimamisha utekelezaji wa ushauri huo, na Bunge likaendelea hadi uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022. Shall ya pili haikutekelezwa.

Afrika Kusini, katika katiba yake ya 1996, iliachana na shall ya wajibu ikachukua must, na waandishi wa sheria wanaopenda lugha nyepesi wanaishangilia hatua hiyo. Naiunga mkono, lakini isingeliokoa kifungu cha 81(b). Sentensi isiyo na mtendaji haiponi kwa kubadilishiwa kitenzi kisaidizi.

Tanzania ilichukua njia nyingine, ikaweka maana ndani ya sheria yenyewe. Kifungu cha 53 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kinaagiza kwamba may inapompa mtu mamlaka isomwe kuwa ni hiari yake kuyatumia au kutoyatumia, na shall isomwe kuwa ni wajibu. Kisha mwaka 2021 sheria hiyo hiyo ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria nchini humo, na mzigo wa shall ukahamia kwa -ta-. "Waziri atatengeneza kanuni": je, tunapashwa habari au Waziri anaamriwa? Mama akimwambia mtoto "leo utaosha vyombo" hakuna mwenye shaka, kwa sababu sauti na uso vinatoa kigezo. Karatasi haina uso. "Waziri anaweza kutengeneza kanuni" nayo inachanganya mamlaka na uwezo, kama can ilivyokula nafasi ya may. Mwandishi wa sheria anayetaka kuziba mianya hiyo ana "ni wajibu wa Waziri kutengeneza" kwa upande mmoja na "Waziri ana hiari ya kutengeneza" kwa upande mwingine. Ni maneno mengi kidogo, na katika zote mbili mtendaji ametajwa.